Asilimia 30 na kilicho nyuma ya mlango: kuongoza watumishi wa jamii mbalimbali

Kila mara kaunti inapotangaza nafasi za kazi, simu za ofisi ya mawasiliano hazitulii. Mkaazi mmoja hulalamika kwamba kazi zimepewa watu wa nje. Mwingine hulalamika kwamba wenyeji wamezichukua zote. Mara nyingine wote wawili huwa wameshika orodha ile ile. Somo la toleo hili linaeleza sheria inasema nini, na ni kazi gani hubaki baada ya mtu kuajiriwa.

Njia ya kwanza ya kusimamia tofauti kazini ni kuhesabu. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kwenye kaunti. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 nayo inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Zisome tena utaona zinavutana: ya kwanza inaiachia jamii kubwa hadi asilimia 70 ya nafasi hizo, ya pili inaisimamisha kwenye thuluthi. Pale ambapo karibu wakaazi wote ni wa jamii moja, sharti la thuluthi ni mlima. Na katika kaunti kama Marsabit au Tana River, zenye jamii kadhaa, ubishi huanza mapema: ni ipi hasa hiyo jamii kubwa?

Katiba ya 2010 inaongeza vipimo vingine. Katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, jinsia moja isizidi thuluthi mbili, na watu wenye ulemavu wafikie angalau asilimia 5 hatua kwa hatua.

Uzuri wa hesabu ni kwamba mwananchi anaweza kuikagua. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba asilimia 30 inahusu ngazi ya kuanzia tu. Ofisi inaweza kuitimiza kwa walinzi na wafagiaji, huku meza ya wakurugenzi ikiwa ya watu wa kijiji kimoja.

Njia ya pili ni kuwatendea wote sawasawa bila kuangalia mtu anatoka wapi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ulemavu na mengineyo, na inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kwa mshahara na nidhamu, njia hii haina mbadala. Lakini ngazi zilizo sawa kwa wote hazimfikishi ghorofani anayetumia kiti cha magurudumu. Mkutano wa saa saba mchana siku ya Ijumaa umeitishwa kwa wote, ila Mwislamu ndiye anayelazimika kuchagua kati ya mkutano na msikiti.

Ndipo inapokuja njia ya tatu, kurekebisha mahali pa kazi pawafae waliopo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kwa mfano, inamtaka mwajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea na kumpa mama muda wa kukitumia. Marekebisho mengine hayahitaji hata shilingi. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa katika ofisi ambayo mikutano ilianza kwa Kiswahili na kuishia kwa lugha ya mama ya walio wengi. Wakicheka, nami nacheka. Siku moja wakabadilisha zamu ya Jumamosi katika ile sehemu ya pili ya mkutano. Mimi nikakosa kufika, nikaandikiwa barua ya onyo. Hakuna aliyekusudia kunitenga. Kwenye hesabu ya watumishi nilikuwa nimo, tena labda nilitajwa kama mfano mzuri.

Hapa ndipo jambo hili linamgusa mkaazi moja kwa moja. Muuguzi aliyeajiriwa kutoka kaunti nyingine anapelekwa zahanati ya mashambani. Nyanya anakuja na mjukuu wake wa miaka kumi awe mkalimani, na maradhi yenyewe ni ya aibu kuyataja mbele ya mtoto. Nyanya anataja kichwa badala yake, anapewa dawa ya kichwa, anarudi nyumbani. Wapo watakaosema basi tuajiri wenyeji tu. Hilo litawanyima kazi waliohitimu, na mgonjwa wa jamii ndogo atabaki pale pale. Kinachosaidia ni mpango wa zamu unaomweka muuguzi mgeni pamoja na mwenzake anayejua lugha ya pale, mhudumu wa afya ya jamii kuitwa atafsiri badala ya mtoto, na mgeni kufundishwa maneno ya msingi tangu wiki ya kwanza. Kwa viziwi, ni mtumishi anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba inalitaka taifa kuikuza.

Ukitaka kujua kaunti imesimama wapi, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuuliza. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hulazimiki kueleza sababu, na jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Usiulize jumla pekee. Uliza wangapi wa kila jamii, jinsia na hali ya ulemavu wako katika kila daraja la kazi. Na ikiwa uamuzi wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti kuhusu ajira umekuathiri, unaweza kukata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90 tangu uamuzi utolewe. Hifadhi nakala ya tangazo la kazi na barua yako ya maombi.