Baada ya Unga na Mablanketi: Usharika Ufanye Nini kwa Mioyo Iliyojeruhiwa na Maafa?



Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, Kanisa likianza kipindi cha Majilio, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na wataalamu walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikameguka. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Msaada ulikuja kutoka kila upande: serikali, Msalaba Mwekundu, makanisa, misikiti na watu binafsi. Walipelekwa pia maafisa ustawi wa jamii kutoa ushauri wa kisaikolojia. Baadaye zilijengwa nyumba zaidi ya 100 huko Warret kwa waliopoteza makazi, zikakabidhiwa Desemba 2024.

Unga unahesabika, godoro linahesabika, na nyumba inahesabika. Lakini kati ya siku ya tope na siku ya kupewa ufunguo wa nyumba kulikuwa na mwaka mzima. Katika mwaka huo mtu hulala, huamka, hukumbuka, na kila wingu linapotanda hushtuka. Kazi hiyo ya moyo haionekani kwenye majedwali ya taarifa zetu. Somo la toleo hili linahusu mwaka huo, na sehemu ambayo usharika wa kawaida, usio na daktari wala mshauri nasaha, unaweza kuibeba.

1. Nini hutokea moyoni?

Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, watu wengi wa Bukoba na vijiji vyake walilala nje, hata wengine ambao nyumba zao zilikuwa bado zimesimama. Hawakuwa wamerukwa na akili. Ardhi ilikuwa imewasaliti, na mwili ulikataa kuiamini paa tena.

Hivyo ndivyo alivyo binadamu. Baada ya maafa, karibu kila mtu hupata usumbufu wa namna fulani: kukosa usingizi, ndoto mbaya, kushtuka, hasira za ghafla, kusahau, maumivu ya kichwa na tumbo yasiyo na ugonjwa, kujilaumu kwa kubaki hai. Watoto hurudi kukojoa kitandani, hung'ang'ania mama, au hucheza mchezo wa mafuriko kila siku. Kwa walio wengi hali hii hupungua polepole wakipata usalama, chakula, habari za kweli na watu wa kuwa nao. Wachache huendelea kuumia na kuhitaji mtaalamu. Kwa hiyo kamati inakwepa makosa mawili: kumwita kila manusura mgonjwa, na kusema "watazoea tu" hata kwa yule anayezama.

2. Eliya na marafiki wa Ayubu

Tusome 1 Wafalme 19. Eliya amechoka na anaogopa, ameketi chini ya mti akiomba afe. Angalia alichotendewa, na kwa utaratibu gani. Kwanza aliachwa alale. Akaguswa, akapewa mkate na maji. Akalala tena, akala tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Swali lilikuja baadaye, na alipojibu, alisikilizwa. Akajibu maneno yale yale mara ya pili, akasikilizwa tena. Hatimaye alirudishiwa kazi, na akapewa Elisha wa kutembea naye.

Linganisha na marafiki wa Ayubu. Siku saba walikaa naye chini, kimya, na hapo walifanya vema. Walianza kuharibu walipofungua vinywa kueleza kwa nini Ayubu amepatwa na yale.

3. Kutazama, kusikiliza, kuunganisha

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, pamoja na War Trauma Foundation na World Vision International, walitoa mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia. Umeandikwa ili utumiwe hata na watu wasio wataalamu, na msingi wake ni matendo matatu. Anayesoma habari za Eliya hatayaona mageni.

Kutazama. Kabla ya kuingia mahali, angalia usalama wako na wa watu. Angalia nani ana mahitaji ya haraka: mtoto aliye peke yake, mjamzito, mzee, mlemavu. Wakumbukeni pia waliokuwa wakitumia dawa za kifafa au za ugonjwa wa akili kabla ya maafa. Dawa zao zimesombwa pamoja na nyumba, na wakikaa bila dawa hali yao inaweza kuwa mbaya upesi.

Kusikiliza. Jitambulishe, uliza mtu anahitaji nini, kaa chini kwa usawa wake. Usimlazimishe kusimulia. Zamani ilidhaniwa kwamba manusura wakalishwe mapema, kila mmoja aeleze yote aliyoyaona; Shirika la Afya Duniani halishauri kufanya hivyo. Anayetaka kusema asikilizwe. Anayetaka kunyamaza aheshimiwe. Msikilize kwa lugha anayolilia. Kule Hanang, bibi anayezungumza Kiiraqw au Kidatoga hawezi kumwaga moyo wake kwa Kiswahili cha mgeni. Mwinjilisti au mama wa jirani anayeijua lugha yake ana nafasi kubwa kuliko mgeni mwenye shahada.

Kuunganisha. Mpeleke mtu panapopatikana msaada: kwa ndugu zake, kwa mtendaji wa kijiji, kwenye zahanati, shuleni. Usiahidi usichoweza. Mrudishie uwezo wa kujiamulia. Kumpa jembe na sehemu ya kulima kunaweza kumtuliza kuliko hotuba.

4. Yaliyo mikononi mwetu

(a) Maziko na maombolezo. Zisaidieni familia kuzika kwa heshima. Ambao mwili wa mpendwa wao haukupatikana wanahitaji ibada ya kumkumbuka, jina litajwe, watu walie pamoja. Wawekeeni wote siku ya kumbukumbu mwaka unapotimia, kwa kuwa siku hiyo machungu huamka.

(b) Ratiba ya kawaida. Kwaya irudi mazoezini, watoto warudi Shule ya Jumapili na michezoni, kina mama wakutane, jumuiya za nyumba kwa nyumba ziendelee hata chini ya mti.

(c) Kutembelea kwa zamu. Jumuiya igawane kaya. Mtembeleaji awe yule yule, ili mtu asianze kusimulia upya kwa kila anayebisha hodi. Aliyoyasikia yasigeuzwe kuwa shuhuda ya mimbarani bila ridhaa ya mwenyewe.

(d) Wababa. Mara nyingi hawaji kwenye vikundi vya kuzungumza. Wapatikane kwenye kazi za kujenga na kufukua. Hapo huzungumza wakiwa na koleo mkononi.

(e) Wahudumu wenyewe. Mchungaji aliyezika watu wengi kwa wiki moja naye amejeruhiwa. Apewe mapumziko na wa kumsikiliza.

5. Maneno ya kuacha

"Ni mapenzi ya Mungu." "Angalau wewe umebaki na watoto wawili." "Usilie, jikaze." "Huu ni mkosi, kuna aliyefanya kitu." Maneno haya humpunguzia uzito msemaji na kumwongezea msikilizaji. La mwisho ni hatari zaidi, kwa maana hutafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi anayepatikana ni mzee asiye na mtetezi. Sababu za mlima kuporomoka zinajulikana. Zisemwe wazi kanisani. Badala yake sema: "Pole sana. Nipo hapa. Nitarudi Alhamisi." Kisha Alhamisi urudi.

6. Wakati wa kumpeleka kwa mtaalamu

Mtu asipopata nafuu baada ya wiki kadhaa, akashindwa kula, kufanya kazi au kutunza watoto. Akisikia sauti wasizosikia wengine. Akizama katika pombe. Au akisema afadhali afe, apelekwe kituo cha afya. Anayezungumzia kufa aulizwe kwa upole kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, humfungulia mlango. Asiachwe peke yake, na sumu za shambani ziondolewe karibu naye.

Kamati iwe na orodha iliyoandikwa mapema: zahanati, afisa ustawi wa jamii wa wilaya, hospitali ya karibu yenye huduma ya afya ya akili. Kanisa letu si geni katika kazi hii. Hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara, imehudumia wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100. Maombi na dawa havigombani. Msimwachishe mtu dawa kwa sababu ameombewa.

7. Neno kwa wanaopanga bajeti

Fedha nyingi za maafa huja picha zikiwa bado kwenye habari, na masharti yake ni zitumike haraka. Tunawaomba wafadhili wetu waturuhusu kutenga sehemu kwa ajili ya mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Gharama zenyewe ni nauli ya watembeleaji, chai ya kikundi, mafunzo ya siku chache, mafuta ya gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Tutatoa taarifa kwa maswali haya: Ni kaya ngapi zilizotembelewa zaidi ya mara moja? Watoto wangapi wamerudi shule na wanabaki? Wangapi walipelekwa kituo cha afya, na walifika? Kwa sharika, tunaomba mstari huu uwemo kwenye bajeti ya diakonia kabla mvua hazijaanza, hata kama ni fedha kidogo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika wetu, nani aliwahi kupatwa na maafa, na ni lini mara ya mwisho tulimtembelea?
2. Ni maneno gani ya faraja tunayoyatumia ambayo Ayubu angeyakataa?
3. Taja watu watano wanaojua kusikiliza. Je, wote ni viongozi, au wapo tusiowahi kuwapa kazi?
4. Orodha yetu ya rufaa iko wapi, na nani anaitunza?

Tuombe: Ee Mungu, uliyemlisha Eliya kabla ya kumuuliza neno, utufundishe kuja na mkate, kukaa kimya, na kurudi tena. Amina.