Mwongozo wa Kusimba na Kusaini Baruapepe kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Mwongozo huu unamhusu mtumishi anayetuma mikataba, orodha za mishahara au kumbukumbu za wateja akiwa nyumbani. Barua iliyosimbwa husomwa na mlengwa peke yake. Saini ya kidijitali humthibitishia kuwa imetoka kwako na haikuguswa njiani. Programu ya Thunderbird hailipiwi, na tangu toleo la 78 la mwaka 2020 imekuja na OpenPGP, mfumo wa kusimba na kusaini, ndani yake.

1. Tengeneza funguo. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usimbaji, uagize ufunguo mpya. Utapata jozi: ufunguo wa umma, ambao unampa yeyote, na ufunguo wa siri, ambao humpi mtu. Barua husimbwa kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji na kusainiwa kwa ufunguo wa siri wa mtumaji.

2. Linda ufunguo wa siri. Iwekee programu nenosiri kuu. Nakili ufunguo huo kwenye flashi, nayo iwe na nenosiri lake, uitunze mbali na kompyuta. Ufunguo ukipotea bila nakala, barua ulizosimbiwa hazifunguki tena, na hakuna fundi wa kukusaidia.

3. Badilishaneni funguo za umma. Utume wako kama kiambatisho. Mwenzako naye atume wake.

4. Hakiki. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, ilhali tapeli anaweza kutengeneza ufunguo wenye jina na anwani ya mtu mwingine. Kila ufunguo una alama yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 40. Mpigie mwenzako kwa namba unayoijua, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Asome nne nne, nawe ufuatilie kwenye skrini. Hata moja ikitofautiana, ukatae ufunguo huo.

5. Tuma barua ya majaribio isiyo na siri, usimbaji na saini vikiwa vimewashwa. Mwenzako akiisoma na saini ikakubaliwa, mko tayari.

Zingatia kwamba usimbaji hauifichi anwani ya mtumaji wala ya mpokeaji, wala saa ya kutuma. Haumzuii pia anayeweza kuketi mbele ya kompyuta yako iliyoachwa wazi.

Usitume waraka wa siri kwa mtu ambaye hujahakiki ufunguo wake, hata akikuharakisha.