Mbwa na Mwenyewe Barabarani Baada ya Magharibi

Wakazi wengi wanaofuga mbwa huwatoa kutembea jua likishapoa, na wana sababu nzuri. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu. Hujipoza zaidi kwa kuhema, na hewa ya Mombasa yenye unyevu mwingi huifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Lami nayo ikipigwa na jua mchana kutwa huweza kuunguza nyayo zake. Lakini anayekimbia jua hukutana na giza, na katika mtaa kama Mbaraki, wenye malori ya mizigo, tuktuk, bodaboda na waendao kwa miguu, giza lina hatari zake. Somo hili linaeleza hatari hizo na namna ya kuziepuka.

1. Giza la Mombasa halichelewi

Mombasa iko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua huzama kati ya takriban saa 12:10 na saa 12:45 jioni, na mwangaza unaobaki hudumu kama dakika 20 tu. Anayetoka nyumbani Mbaraki kuelekea Mama Ngina jua likiwa linazama atarudi gizani.

Suluhisho la kwanza ni kubadilisha saa. Jua huchomoza kati ya takriban saa 11:55 alfajiri na saa 12:30 asubuhi. Wakati huo lami imepoa usiku kucha na mwanga unaongezeka badala ya kupungua. Matembezi marefu yafanywe asubuhi, na ya jioni yawe mafupi, karibu na nyumbani. Asiyejua kama lami imepoa aweke nyuma ya kiganja chake juu yake kwa sekunde 7. Akishindwa kuvumilia, mbwa naye hataweza.

2. Dereva aone mapema

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja kutambua hatari, gari limeshakwenda mita 14 kabla hajakanyaga breki, na litahitaji takriban mita 14 nyingine kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni mita 28. Lami ikilowa mvua, au gari likiwa lori lenye mzigo, umbali huongezeka. Kwa hiyo mtu na mbwa wake lazima waonekane kutoka mbali kuliko hapo.

Baadhi ya watu hudhani macho ya mbwa yanayong'aa gizani yanatosha. Ni kweli kwamba nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, lakini macho hung'aa pale tu mbwa anapolitazama gari. Akiwa ameelekea kwingine, dereva ataona mgongo tu, na mbwa mweusi au wa kahawia hupotea gizani.

Dawa yake si ghali. Riflekta ya bodaboda humfaa mwenye mbwa pia. Anayevaa buibui au kanzu ya rangi nzito anaweza kufunga utepe wa riflekta mkononi au kwenye mkoba. Mbwa naye avishwe utepe kama huo shingoni na kifuani, ili aonekane kutoka kila upande. Tochi imulikwe chini, kwa sababu wakati wa masika maji hufunika mitaro na mashimo. Isielekezwe machoni mwa dereva.

Pasipo na njia ya waendao kwa miguu, mtu atembee upande wa kulia wa barabara ili ayaone magari yanayomjia, na mbwa awe mkono wa kulia, mbali na magari. Simu ikae mfukoni, na masikio yawe huru kusikia honi.

3. Kamba fupi na heshima kwa jirani

Saa ya kumtembeza mbwa ndiyo pia saa ya adhana ya magharibi. Wengi wanaopita njiani wameshatawadha na wanaelekea msikitini. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani huyafuata, mate ya mbwa ni najisi, na palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa mpole anayemlamba mpita njia kwa furaha tu anaweza kumkosesha jamaa ya magharibi.

Kwa hiyo kamba iwe fupi, karibu mita moja na nusu, na imara. Watu wakikaribia, mwenye mbwa ndiye asogee kando, amsimamishe mbwa na kuwapisha. Njia inayopita mbele ya mlango wa msikiti iepukwe saa za sala. Kamba fupi humlinda mbwa pia: hataweza kurukia barabarani akimwona paka, wala kushtuka na kukimbia honi ya trela.

Kinyesi kiokotwe kwa karatasi na kutupwa kwenye pipa. Gizani anayefuata nyuma hatakiona.

4. Mbwa koko na kichaa cha mbwa

Usiku mbwa koko huzunguka penye taka. Mwenye mbwa akikutana nao asikimbie wala kuwatupia mawe. Asimame, amweke mbwa wake karibu, asiwakazie macho, kisha arudi nyuma polepole.

Hatari kubwa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu daima huua. Lakini unaweza kuzuiwa kabisa. Mpango wa kitaifa ulioanza mwaka wa 2014 unalenga kumaliza vifo vya binadamu ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa huchanjwa anapofikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Paka pia huchanjwa.

Mtu aliyeumwa gizani mara nyingi hawezi kumtambua mbwa aliyemuuma wala kujua kama alichanjwa. Asisubiri. Aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, asipake mafuta wala pilipili, na aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Amalize sindano zote kwa tarehe atakazopewa, hata kama jeraha limepona. Mbwa wake akiumwa, apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama amechanjwa.

5. Paka nao

Paka hapelekwi matembezini, lakini hutoka mwenyewe, hasa magharibi na alfajiri. Akizoea kulishwa chakula chake kikuu kabla ya magharibi, atarudi ndani giza linapoingia. Dereva naye, kabla ya kuwasha gari, agonge boneti mara mbili, kwani paka hupenda kulala penye joto la injini.

6. Jukumu la kaunti na la mkazi

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti kazi mbili zinazohusu somo hili: udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa, na taa za barabarani. Mkazi anayeona taa imezimika aripoti katika ofisi ya wadi, akitaja barabara na jengo lililo karibu. Taa isiyoripotiwa huweza kukaa miezi bila kutengenezwa.

Kabla ya kufungua geti

- Je, mwanga uliobaki unatosha kwenda na kurudi?
- Je, mtu na mbwa wamevaa riflekta?
- Je, kamba ni fupi na haijachakaa?
- Je, tochi ina chaji, na karatasi ya kinyesi ipo?
- Je, chanjo ya mwaka huu imeandikwa kwenye kadi ya mbwa?

Jibu la swali lolote likiwa "hapana", matembezi yangoje asubuhi.