Kukaa na Anayekufa, Kukaa na Aliyefiwa

Somo la usharika na la waalimu wa dini
Yasomwe kwanza: Ayubu 2:11–13, Yohana 11:17–44, 1 Wathesalonike 4:13–18

Katika nchi yetu ya Kisarawe, na hapa Kibuta pia, hakuna mtu azikwaye na jamaa zake tu. Habari ya msiba ikitangazwa, watu huacha mashamba ya mihogo na mikorosho, wakaja na kuni, maji na unga. Mkristo na Mwislamu huchimba kaburi pamoja. Hii ni desturi njema ya wazee wetu, na Injili iliyofika Kisarawe mwaka 1892 haikuja kuivunja. Lakini tujiulize neno moja. Mtu huyo tuliyemzika wengi hivi, alipokuwa amelala miezi mingi akiumwa, ni wangapi tuliokaa kando ya kitanda chake? Na matanga yalipokwisha kuanuliwa, ni nani aliyerudi kwa mjane wake? Somo hili lataka kutuonyesha kwamba huduma ya Kanisa huanza kabla ya kilio, wala haiishi siku ya kuanua matanga.

1. Marafiki wa Ayubu

Elifazi, Bildadi na Sofari walipomwendea Ayubu, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu mno. Hapo walifanya vema. Walikosa walipofungua vinywa vyao na kuanza kutafuta hatia ya mgonjwa, na mwishoni Mungu mwenyewe aliwakemea (Ayubu 42:7). Na kwetu mgonjwa wa siku nyingi husikia maswali kama hayo: Ni nani aliyemroga? Ametenda dhambi gani? Mwalimu wa dini asiwe mmoja wa waulizao hivyo. Kazi yake ya kwanza ni kuketi, kusikiliza, kumnywesha maji mwenye kiu, na kumpokea kwa usiku mmoja yule anayeuguza, ili naye apate usingizi.

2. Maumivu ya mwili yana dawa

Mtu wa Kibuta akiugua saratani, aweza kupelekwa mpaka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1996. Wagonjwa wengi hufika huko ugonjwa umekwisha kuenea, kisha hurudishwa nyumbani. Jamaa wakisikia hivyo hudhani kwamba uganga umeshindwa na kwamba hakuna la kufanya ila kungoja. Sivyo. Ugonjwa usioponyeka una tiba yake, nayo huitwa tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa maumivu na kumtegemeza yeye na watu wa nyumba yake.

Bibi Cicely Saunders, Mkristo aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua London mwaka 1967 nyumba ya kutunza watu walio karibu kufa, ile iitwayo hospisi. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili peke yake: kuna hofu ya moyoni, kuna mashaka ya watoto na deni, kuna mahangaiko ya roho mbele ya Mungu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianza kazi kama hiyo Uganda, akatumia mofini ya maji, dawa ya bei ndogo ambayo mgonjwa hunywa nyumbani kwake. Nasi Walutheri hatukukosa kushiriki: Hospitali ya Selian, Arusha, iliunda kikundi cha wauguzi na watu wa kujitolea wawaendeao wagonjwa majumbani, na kazi hiyo ikaenea katika hospitali nyingine za KKKT.

Wako waogopao mofini wakidhani humwua mgonjwa upesi. Ikitolewa na mganga aliyefunzwa, kwa kipimo chake, haifanyi hivyo. Hunywewa kwa saa zilizoagizwa, wala haingojwi mpaka maumivu yarudi. Na kwa kuwa hufunga choo, mgonjwa hupewa dawa ya kulilegeza tumbo. Asipewe mtu mwingine ye yote. Tena, kuomba dawa hii si upungufu wa imani. Bwana Yesu alimsifu Msamaria aliyetia mafuta na divai katika majeraha.

3. Kutengeneza mambo ya nyumba

Mwaka 1519 Dk. Martin Luther aliandika mahubiri juu ya kujiweka tayari kufa. Hakuanza na mambo ya mbinguni. Alianza na mali: mtu aigawe waziwazi, ili jamaa zake wasigombane akiisha kufa. Kisha asamehe na kuomba msamaha. Ndipo amtazame Kristo, na kuipokea Sakramenti kwa furaha. Mpango huo watufaa sana. Mgonjwa angali na akili zake, aulizwe kwa upole: Ni nani unayetaka kupatana naye? Shamba na nyumba vitakuwa vya nani? Wosia wake uandikwe mbele ya mashahidi, na mchungaji aitwe mapema kwa Chakula cha Bwana, asingojwe mpaka mgonjwa amekwisha kupoteza fahamu.

4. Machozi si dhambi

Mara nyingi tunamwambia mfiwa: Usilie, ni mapenzi ya Mungu. Lakini Bwana wetu alilia kaburini pa Lazaro, naye alijua kwamba atamfufua. Wala Mtume Paulo hawakatazi Wathesalonike kuhuzunika. Awakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Binti yake Luther, Magdalena, alipofariki mwaka 1542, mwenye umri wa miaka 13, baba yake alikiri kwa rafiki kwamba yeye na mkewe hawakuweza kujizuia kulia, ingawa waliamini kwamba mtoto yu kwa Mungu. Basi tumwache mfiwa alie. Tumtaje marehemu kwa jina, wala tusiwafiche watoto habari ya kifo cha mzazi wao.

5. Baada ya matanga

Wazee wa Kizaramo waliwaweka watani wafanye kazi za msiba na kuwachekesha wafiwa, maana walijua kwamba mwenye huzuni hawezi kujitegemeza. Kanisa na liendeleze akili hiyo. Mzee wa kanisa aandike katika daftari siku ya kila mazishi, na mfiwa aendewe baada ya juma moja, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, na siku ya kutimia mwaka. Akinamama wamsaidie mjane palizi ya kwanza. Jamaa wakitaka kumnyang'anya shamba, asiende peke yake mahakama ya mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. Mzee mmoja afuatane naye. Na mfiwa asiyekula, asiyelala, au asemaye kwamba hataki kuishi tena, apelekwe kwa mganga pasipo kukawia.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni wagonjwa gani wa siku nyingi walio katika mtaa wetu leo? Ni nani atakayewaendea juma hili?
2. Kwa nini marafiki wa Ayubu walifaa walipokuwa kimya?
3. Ni wafiwa gani wa mwaka huu ambao hatujarudi kwao?

Tuombe

Bwana Yesu, uliyelia pamoja na Mariamu na Martha, tupe miguu ya kwenda na subira ya kukaa. Wapunguzie maumivu wanaokufa, uwashike mkono waliofiwa, utufikishe sote katika ufufuo wako. Amina.