Kabla Hujalipia Printa ya Picha

Haya ni kwa anayetaka mashine moja ya nyumbani ya kuchapa picha, kuskani na kutoa kopi. Kama unachapa barua mbili kwa mwaka, acha kusoma, nenda steshenari.

USIANZE na bei ya mashine. Anza na bei ya wino. Uliza seti kamili ya rangi zote inauzwaje, na kama inapatikana mtaani kwenu au mpaka Kariakoo. Katriji zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi zina wino pungufu, kwa hiyo bili ya kweli hukufikia mapema. Seti ikikaribia bei ya printa, achana nayo.

USIAMINI idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi. Kipimo cha kawaida, ISO 24712, hutumia kurasa za maandishi na michoro zenye weupe mwingi. Picha haina weupe wa kukusaidia, inafunika karatasi ukingo hadi ukingo. Ulizia idadi ya picha za sentimita 10 kwa 15. Muuzaji asipoijua, asikutajie ya kurasa.

BEBA picha yako kwenye flashi. Ile ya majaribio ya dukani, yenye kasuku na matunda, hupendeza kwenye printa yoyote. Chagua picha yenye mtu wa ngozi nyeusi aliyekaa kivulini, na pembeni yake kanzu nyeupe. Ichapwe kwenye karatasi ya picha, kisha toka nayo nje juani, maana taa za dukani hudanganya. Shavu la kivulini likiwa doa moja jeusi, au uso ukivuta kijani, umeshapata jibu. Tazama mikunjo ya kanzu: ipo, au imemezwa na weupe? Pitisha jicho kutafuta mistari myembamba iliyolala. Halafu chapa picha hiyohiyo kwa nyeusi na nyeupe. Printa dhaifu hapo ndipo huumbuka, kijivu kinageuka zambarau. Wakikukatalia kujaribu, aga uondoke.

USIBABAIKIE dpi za skana. Kwa kurudufu picha ya zamani kwa ukubwa uleule, 300 zinatosha. Kwa kuikuza, 600. Namba za kutisha mara nyingi ni programu inayojaza pengo kwa kukisia. La muhimu zaidi ni hili: skana nyingi nyembamba huona vizuri kilichogusa kioo tu. Jaribu na kitabu kinene, uone maneno ya karibu na mshono.

Printa ya tangi au ya katriji? Tangi, kama unachapa kila wiki. Kama ni sikukuu hadi sikukuu, wino utakauka kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia, nawe utaamuru usafishaji mara kwa mara. Kila usafishaji humwaga wino mzuri kwenye sponji ya ndani, na sponji ikijaa mashine inaweza kugoma kabisa. ULIZA kama mwenyewe unaweza kuibadilisha au ni mpaka fundi.

USIIZIME kwa kuchomoa waya. Kitufe hurudisha kichwa kwenye kifuniko chake kisikauke. LUKU ikiisha katikati ya kazi, umeme ukirudi iwashe, uizime upya kwa kitufe.

USICHAPE kwenye upande usio sahihi wa karatasi ya picha, wala usiache programu ikidhani ni karatasi ya kawaida. Wino utasimama juu kama maji kwenye jani la mgomba, kisha utailaumu mashine.

USIPOKEE kwa pupa printa ya ndugu wa Ulaya au Dubai. Baadhi ya viwanda hufunga katriji kwa kanda: ya huku inaweza kukataliwa na mashine ya kule. Mwombe akupigie picha namba ya modeli na ya katriji kabla hajalipia mzigo.