NYOTA YA JIONI NA NYOTA YA ALFAJIRI

Kuna majira ambapo, jua likiisha kuchwa na kabla giza halijaingia sawasawa, huonekana upande wa magharibi nyota moja kubwa yenye nuru nyeupe, ikiwaka peke yake hali nyingine zote hazijatokea. Huonekana hivyo kwa muda wa miezi, kisha hutoweka. Baada ya siku chache, mtu aamkaye alfajiri kwenda kukama ng'ombe au kungoja basi la kwanza huona upande wa mashariki nyota nyingine kubwa, yenye nuru ile ile. Wayunani wa kale walizipa majina mawili, wakidhani ya kuwa ni nyota mbili. Kumbe ni moja tu, na tena si nyota. Ni sayari iitwayo Zuhura.

Nyota ina nuru yake yenyewe, kama jua, ambalo nalo ni nyota. Sayari haina, hung'aa kwa kupigwa na mwanga wa jua, kama bati la nyumba ling'aavyo mchana. Tena nyota za Kilimia, ambazo wakulima wamezitazama tangu zamani ili wajue majira ya kulima, hukaa pamoja kwa mpango ule ule mwaka hata mwaka, lakini sayari huhama katikati ya nyota kwa kuwa inalizunguka jua. Sayari ni nane: Utaridi, iliyo karibu na jua kuliko zote, kisha Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zuhali, Uranus na Neptune. Pluto, ambayo vitabu vya zamani huihesabu kuwa ya tisa, iliondolewa katika hesabu hiyo na wataalamu mwaka 2006.

Basi, mbona Zuhura haionekani kamwe usiku wa manane? Sababu yaweza kuonyeshwa nyumbani. Taa na iwekwe mezani katikati ya chumba, iwe ndiyo jua. Mtoto mmoja aizunguke karibu karibu, naye ndiye Zuhura. Mwingine aizunguke kwa mbali, naye ndiye Dunia. Huyu wa mbali hawezi kumwona mwenzake pasipo kuelekeza uso upande wa taa. Akiipa taa mgongo, hamwoni kabisa. Na usiku wa manane ndio wakati ambapo watu wamelipa jua mgongo. Zuhura iko mbali na jua kilometa milioni 108, na Dunia kilometa milioni 150. Kwa hiyo Zuhura hulifuata jua jioni au hulitangulia asubuhi, kwa muda wa saa tatu hivi, basi.

Atakaye kuitafuta jioni angoje kwanza jua lizame lote. Kulikazia jua macho huyaharibu, na kulitazama kwa darubini huweza kupofusha mara moja.

Mwaka 1610 Galileo wa Italia aliielekeza darubini yake kwenye Zuhura, akaona ya kuwa umbo lake hubadilika kama mwezi: mara nyembamba kama mwezi mwandamo, mara karibu duara kamili. Wakubwa wa wakati ule walifundisha ya kuwa jua na sayari zote huizunguka Dunia. Lakini kwa mafundisho yao Zuhura isingalionekana duara hata siku moja. Galileo hakuacha kufundisha aliyoyaamini, na mwaka 1633 baraza la kanisa huko Roma lilimhukumu. Alifungiwa nyumbani kwake mpaka alipokufa mwaka 1642.

Kwa ukubwa, Zuhura na Dunia ni karibu sawa, hata wako waliodhani ya kuwa chini ya mawingu yake mna mabwawa na viumbe. Sivyo. Hewa yake nzito huzuia joto lisitoke, kama blanketi, na ardhi yake ni moto kiasi cha kuyeyusha risasi. Mwaka 1970 chombo cha Urusi, Venera 7, kilitua huko. Kilipeleka habari kwa dakika 23, kisha kikanyamaza.