Kijana Anapoumwa na Tumbo Baada ya Maziwa: Chunguza Kabla ya Kuyapiga Marufuku

Katika nyumba nyingi za kaunti yetu, siku huanza kwa kikombe cha chai ya maziwa. Kwa baadhi ya vijana, kikombe hicho hufuatwa na tumbo kujaa gesi, kuunguruma, kusokota au kuharisha. Mzazi hudhani kijana anakwepa shule. Kijana naye, kwa kuona aibu, huacha kiamsha kinywa na kwenda darasani na njaa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kujua kama maziwa ndiyo chanzo, na jinsi ya kumlisha kijana vizuri ikiwa ndivyo.

Mbona hakusumbuliwa alipokuwa mdogo?

Maziwa yana sukari ya asili iitwayo laktosi. Utumbo mwembamba hutoa kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho huivunja sukari hiyo ili mwili uitumie. Mtoto mchanga huwa na laktesi tele, lakini kwa watu wengi duniani hupungua kadiri umri unavyosonga. Ndiyo sababu dalili zinaweza kuanza ujanani. Katika jamii za wafugaji, watu wengi huendelea kuwa nayo hata ukubwani, lakini si wote.

Laktosi isiyovunjwa hufika kwenye utumbo mpana, ikachachishwa na bakteria. Hapo gesi hutokea, maji huvutwa ndani ya utumbo, na kijana huharisha. Mara nyingi dalili huanza kati ya dakika 30 na saa 2 baada ya kunywa maziwa. Hali hii haiambukizi, wala haiharibu utumbo.

Wakati mwingine tatizo huwa la muda tu. Kuharisha sana huweza kuchubua utumbo, na laktesi ikapungua kwa wiki kadhaa kabla ya kurejea.

Usichanganye na mzio

Mzio wa maziwa ni jambo tofauti, na ni hatari zaidi. Hapo kinga ya mwili ndiyo inayopambana na protini za maziwa. Ukiona vipele vinavyowasha mwilini, midomo au uso kuvimba, kutapika ghafla au kupumua kwa shida baada ya maziwa, mkimbize kijana hospitalini mara moja. Usimfanyie jaribio lililoelezwa hapa chini.

Jaribio la nyumbani

1. Kwa wiki moja, kijana ale kama kawaida. Aandike kwenye daftari alichokula, saa aliyokula, na jinsi tumbo lilivyokuwa. Aandike mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayejua alichonunua dukani akiwa njiani.

2. Kwa wiki mbili zinazofuata, aache maziwa, chai ya maziwa, aiskrimu na vyakula vilivyotiwa maziwa ya unga, kama vile biskuti kadhaa na chokoleti ya maziwa. Someni maandishi kwenye pakiti. Anywe chai ya rangi au uji usio na maziwa.

3. Baadaye arudishe maziwa kidogo kidogo. Aanze na nusu kikombe pamoja na chakula, na baada ya siku mbili kikombe kizima.

Dalili zikitoweka kisha zikarudi pamoja na maziwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba laktosi ndiyo chanzo. Zisipobadilika, tafuteni sababu nyingine. Minyoo, amiba, jiadia na vidonda vya tumbo pia huleta maumivu, na kuacha maziwa hakutayatibu. Nendeni kwenye zahanati mkiwa na daftari lile; litamsaidia sana mhudumu.

Si lazima aache maziwa yote

Kikombe kimoja cha mililita 250 kina takriban gramu 12 za laktosi. Wengi wenye tatizo hili huvumilia kiasi hicho kikinywewa pamoja na chakula, au kikigawanywa mara kadhaa kwa siku. Mala na yogati huwasumbua wengi kwa kiwango kidogo, kwa sababu bakteria huwa wamekwisha kutumia sehemu ya laktosi. Samli ina laktosi kidogo mno.

Kuchemsha maziwa huua viini, lakini hakuondoi laktosi. Kuyaengua mafuta pia hakusaidii. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia yana laktosi vilevile.

Linda mifupa yake

Ujanani ndipo mifupa hujengwa kwa kasi. Kijana wa miaka 9 hadi 18 huhitaji takriban miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, na kikombe cha maziwa humpa karibu 300. Ukiyaondoa maziwa bila kuweka kingine, unamnyima akiba ya mifupa ya maisha yake yote. Mpe:

- Omena, waliwe wazima pamoja na mifupa yao.
- Uji na ugali wa wimbi.
- Sukuma wiki na mboga nyingine za majani kila siku.
- Simsim, maharagwe, na mala ikiwa haimsumbui.

Spinachi ni mboga nzuri, lakini kalsiamu yake haifyonzwi vizuri mwilini, kwa hivyo usiitegemee peke yake.

Akiwa shule ya bweni

Mwombe mhudumu wa afya barua fupi, kisha zungumza na mwalimu wa darasa na matroni. Ombi liwe jepesi: chai ya rangi au uji usio na maziwa asubuhi, na ruhusa ya kwenda msalani bila maswali mbele ya wenzake. Kijana asiyefanyiwa mzaha husema mapema anapougua.

Nenda hospitalini bila kungoja ukiona

- Damu kwenye choo.
- Kupungua uzito au kutokua ipasavyo.
- Homa, au kutapika mara kwa mara.
- Kuharisha kunakomwamsha usiku.
- Maumivu makali upande mmoja wa tumbo.

Mzazi, kijana akisema tumbo linamsumbua, msikilize kwanza. Mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji au mtaa wako anaweza kukuelekeza kwenye kituo kilicho karibu, na mtaalamu wa lishe atakusaidia kupanga chakula kulingana na mfuko wako.